Msimfute Masika wa Pili

Biira na wenzako wa ofisini, ujumbe wenu ulinikuta nimesinzia. Siku hizi nasinzia mchana bila aibu. Nyumba niliyorudi kuishi hapa Kilembe ni ile ile ya mgodi aliyopewa baba yangu, na ukiketi kwenye ngazi za nyuma baada ya swala ya adhuhuri, mto Nyamwamba unapita chini kwa sauti moja tu, ukungu unashuka mlimani polepole, na mtu hajui tena kama anaota au anakumbuka. Simu ikatetema mapajani. Nikasoma: "Mama Zaina, kwenye faili la visa vya majaribio ya programu ya kliniki kuna mstari una kadi mbili zinazofanana kila kitu. Chombo chetu cha kusafisha mafaili kinasema ni makosa ya kunakili. Tunaomba ruhusa tuufute."

Usingizi ukaniruka. Ninyi watoto mna adabu, nashukuru mmeomba kwanza, maana wengine wangefuta halafu wakaniambia siku ya harusi ya mtu. Sasa ngojeni niwaeleze. Nitazunguka kidogo, nivumilieni.

Miaka yangu yote ya mwisho kazini nilikuwa mpimaji wa programu, pale Kasese mjini, ghorofani juu ya duka la mabati. Nilianza kama mpiga chapa, nikawa muingiza taarifa, nikaishia kuwa yule mama anayewaambia waandishi wa programu kwamba kazi yao haijaisha. Hakuna anayempenda mpimaji. Mwandishi anakuja na programu yake anacheka, kaoga, kachana nywele, na wewe kazi yako ni kuitafutia mahali itakapoanguka. Nilizoea. Chai yangu walikuwa wananiletea hata hivyo.

Upimaji wenyewe sikuufundishwa na kompyuta. Baba yangu alifanya kazi maabara ya mgodi, enzi mgodi ukiwa mgodi. Mawe yalitoka chini ya mlima kwenye trei, kila jiwe na kibandiko chake, na yeye alikuwa na jiko moja la kuyeyushia ili ajue jiwe lina shaba kiasi gani. Nilimpelekea chakula nikiwa mdogo. Chumba kilikuwa cha joto, chenye harufu kali, na rangi ya moto ule sijaiona tena popote isipokuwa ndotoni. Siku moja kijana mgeni alitaka kulichokonoa jiko, alipunguze moto, kwa sababu jiwe lililokuwa linakuja lilionekana laini. Baba akamzuia mkono.

"Jiko lisijue ni jiwe gani linakuja," akamwambia. "Ukilitengeneza kwa ajili ya jiwe, utakuwa umepima jiko."

Kisha akanionyesha trei, akasema mawe yakae huku, jiko likae kule, na mtu yeyote aweze kuja na jiwe lake bila kuomba ruhusa ya jiko. Nilikuwa natazama ndizi nilizomletea zinapoa, sikujua kama nasikiliza. Kumbe nilisikiliza.

Twende kwa Bwambale sasa. Ninyi mnamjua kama bosi mwenye kitambi, lakini wakati ule alikuwa mwembamba, anakula karanga juu ya kibodi. Ndiye aliyeandika programu ya kliniki ya Bwera. Kliniki ilikuwa inatumia kadi za karatasi, na baadhi ya watoto walikuwa na kadi mbili au tatu kila mmoja, kwa sababu kadi ikilowa mvua au ikiliwa na mbuzi mama anapewa nyingine. Programu ilitakiwa iingize kadi zote, iangalie kila mbili zinazofanana, na iamue: huyu ni mtu mmoja au ni watu wawili? Wakiwa mmoja, inaziunganisha. Ijumaa ikifika, kadi za karatasi zingefungwa kwenye maboksi na kuwekwa stoo. Kuanzia hapo kliniki ingesikiliza programu tu: nani aitwe, nani apewe dawa gani.

Bwambale aliandika majaribio yake jinsi wengi wenu mnavyoanza. Kila kisa alikiandikia funksheni yake, kipande chake cha programu. Moja ya jina moja na simu tofauti, nyingine ya simu moja na kijiji tofauti, nyingine ya jina lenye herufi iliyopotea. Kila funksheni inatengeneza kadi zake mbili, inaiuliza programu, inakagua jibu. Ukizisoma ni zile zile, tofauti ni neno moja limefichwa katikati. Akachoka, akazikusanya zote kwenye funksheni moja yenye kitanzi kinachopitia visa kimoja kimoja. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu kitanzi kinasimama kisa cha kwanza kikianguka, na vilivyo nyuma yake hujui vizima au vigonjwa.

Nikamwambia, "Bwambale, mawe yako umeyajengea ndani ya jiko."

"Mama Zaina, hiyo inamaanisha nini sasa?"

"Inamaanisha mimi siwezi kukuletea jiwe."

Tukakaa tukatenganisha. Funksheni ya jaribio ikabaki moja, fupi, haina jina la mtu hata mmoja ndani yake. Inapokea kadi mbili na jibu linalotarajiwa, inaiuliza programu, inalinganisha, imemaliza. Visa vikaenda kwenye faili lao wenyewe, kila kisa mstari wake: kadi ya kwanza, kadi ya pili, jibu tunalotaka, na sababu kwa maneno ya kawaida. Kwenye Python, lugha tuliyoandikia programu, kuna ile parametrize ya pytest mnayoitumia hadi leo. Inauchukua kila mstari na kuupeleka kwenye funksheni, na kila mstari unakuwa jaribio linalojitegemea. Mmoja ukianguka, mingine inaendelea na safari. Na kila mstari niliupa jina linalosomeka, kwa sababu jaribio likianguka nataka kusikia "mtoto aliyehama Hamukungu ameanguka," sitaki kusikia namba.

Tukaendesha. Kijani kitupu, visa vyote vimepita. Bwambale akanyoosha mikono juu akapiga miayo, akataka kwenda nyumbani.

Lakini mimi nilikuwa nalitazama lile faili. Lilikuwa zuri, mjue. Halikuwa na alama za Python hata moja. Ni watu tu, wawili wawili, na swali. Nikawaza kwamba jambo hili sasa linaweza kutoka nje ya ofisi. Nikalichapa karatasini, nikampigia simu Sadiki, ndugu yake marehemu mama yangu, ambaye lori lake lilikuwa linabeba saruji kwenda mpakani mwa Kongo kila wiki, kupitia Bwera.

Safari ile naiona hadi leo nikifumba macho. Tulitoka asubuhi, milima ya Rwenzori yote imefunikwa na mawingu, joto la Kasese linapanda kutoka kwenye lami. Tulipopita mstari wa ikweta nikahisi usingizi, karatasi zangu zimelala mapajani. Mbele kidogo, ndani ya mbuga, Sadiki akazima injini. Tembo walikuwa wanavuka, wakubwa kwa wadogo, bila haraka yoyote, na vumbi lao linang'aa. Nilikuwa na hofu ya muda. Ilikuwa Jumatano tayari.

"Mjomba, hatuwezi kupita pembeni?"

"Tunangoja," akasema Sadiki, akavua kofia yake akaiweka juu ya usukani. "Hii barabara iko yao. Sisi ni kupita tu."

Tukangoja. Nikawatazama wale tembo nikasahau kabisa kilichonipeleka, na sijutii. Halafu barabara ikafunguka, tukakata kuelekea Bwera, mashamba ya pamba kila upande.

Kliniki ilikuwa na veranda ndefu ya bati na benchi la mbao, na kwenye benchi wamekaa akina mama na watoto wao wakingoja. Muuguzi alikuwa Sista Mbambu, mwanamke mrefu wa sauti ya taratibu. Nikamweleza nimekuja na maswali, akacheka.

"Mama, mimi leo iko na kazi mingi. Uliza bale ba mu benchi. Benyewe njo benye batoto."

Nikaona aibu kidogo, kisha nikaona ana haki, wenye watoto ndio wa kuulizwa. Nikakaa mwisho wa benchi, nikavaa miwani, nikaanza kusoma mstari mmoja mmoja kama nasimulia hadithi. Kuna mtoto anaitwa Thembo, kadi moja inasema anakaa Hamukungu kwa wavuvi, nyingine inasema Karambi, mama ni yule yule, simu ni ile ile. Mtu mmoja au wawili? Wakatazamana. Mmoja, wakasema, mama amehama tu. Kuna msichana anaitwa Biira upande huu, na kadi nyingine inasema Kavira, kutoka ng'ambo. Mmoja, wakasema, wenzetu wa Kongo ndivyo wanavyomwita binti wa pili. Nikawa nasoma, wao wanaitikia, watoto wanasinzia, mvua nyepesi ikaanza juu ya bati, na sauti zile zote pamoja zikawa tamu kiasi kwamba nilitamani faili liwe refu zaidi. Kila jibu lao lilikuwa sawa na la kwetu.

Nikabakiwa na mstari mmoja, ule wa juu kabisa. Nilikuwa nimeuruka kwa sababu ulikuwa rahisi mno. Bwambale aliuandika kwanza, kama mtu anavyogonga ukuta kuona kama upo. Nikausoma ili nimalize. Masika wa Karambi, baba anaitwa Thembo, simu hii, kazaliwa mwezi huu. Na kadi ya pili: Masika wa Karambi, baba Thembo, simu hiyo hiyo, mwezi huo huo. Mtu mmoja, nikajijibu mwenyewe, nikaanza kukunja karatasi.

Kisha mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha. Alikuwa na mtoto wa kike mapajani, amevikwa sweta na joto lile lote.

"Babili," akasema.

"Vipi wawili, mama? Kila kitu ni sawa."

"Njo kusema hao ni bakwetu. Huyu ni Masika yangu. Na mwenzangu, bibi mwingine wa bwana yetu, naye iko na Masika yake. Balizaliwa mwezi moja. Simu ni ya bwana, iko moja tu mu nyumba."

Bwambale alikuwa ameichukua kadi ya kweli kutoka kwenye kliniki hii, akainakili mara mbili ili apate mfano wa kadi zinazofanana. Hakujua kwamba kadi ya pili ipo kweli, kliniki hii hii, inamngoja.

Kwa wasiotoka huku, nieleze. Kwetu Wakonzo jina la kuzaliwa linakwenda kwa zamu. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Wavulana nao hivyo hivyo kwa majina yao. Na kila mama anahesabu wa kwake. Baba mwenye wake wawili ana Masika wawili, kama kawaida, hakuna anayeshangaa. Ofisi yetu yote ilikuwa Wakonzo watupu. Mgeni kutoka mbali angeuliza. Sisi tulilijua jambo hilo tangu tumboni, na kwa sababu hiyo hakuna aliyefikiri kuliandika.

"Basi tutaongeza jina la mama," nikasema haraka. "Wewe unaitwa nani?"

"Kabugho."

"Na mwenzako?"

"Kabugho pia." Safari hii benchi zima likacheka, na yeye akacheka kweli. "Bamama yetu kila mutu alizaa basichana babili mbele yetu. Tutafanya nini?"

Nikacheka nao, halafu nikamtazama yule mtoto mwenye sweta. Macho yake yalikuwa na manjano kidogo. Nikauliza kama anaumwa.

"Iko na selimundu," akasema Kabugho, na kicheko kikaisha. "Dawa yake ni ya kila siku, na kila mwezi banamuangalia damu. Ule mwingine iko muzima, anapanda miti. Mama, mimi sisomi. Ile kadi njo inaongea kwa ajili ya mutoto yangu. Nasikia munaibeba Ijumaa. Mukiibeba, nani atasema?"

Programu yetu ingezichukua kadi mbili, ingezifanya moja, na kwa jinsi Bwambale alivyoiandika, kadi ya karibuni ndiyo ingeshinda. Nilipouliza, iliyoandikwa karibuni ilikuwa ya yule anayepanda miti. Masika mwenye sweta asingeitwa tena. Angekuja mama yake kungoja kwenye benchi hili, na Sista angetazama kioo cha kompyuta na kuona mtoto mzima. Niliogopa, niseme ukweli. Na majaribio yetu yalikuwa kijani.

Nikampigia Bwambale nikiwa pale pale verandani, nikamsomea.

"Mama Zaina," akasema, "hata kwetu iko Baluku wawili. Mmoja wa mama yangu, mmoja wa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Nimekula nao sahani moja maisha yangu yote."

"Najua, mwanangu. Kwetu pia."

"Sasa nifanye nini? Niweke kwenye jaribio, kama jina ni Masika, basi—"

"Usiniwekee Masika ndani ya jiko," nikamkata. Ndipo alipoelewa, nadhani, kile nilichokuwa namwambia wiki nzima.

Angalieni hapa, maana hapa ndipo kazi ilipo. Visa vingekuwa bado vimezikwa ndani ya funksheni, nisingeweza kuvibeba hadi Bwera, na Kabugho asingeweza kuvisikia. Na kwa sababu jibu lilikaa kwenye mstari, peke yake, tuliweza kulitazama na kuona kosa letu kubwa zaidi: tulikuwa na majibu mawili tu, mmoja au wawili. Kadi hizi hazina jibu ndani yake. Jina sawa, mama sawa, simu sawa. Hata mimi ningepewa nisingejua. Jibu la kweli lilikuwa la tatu. Pale kwenye mstari wa Masika, nilifuta "mmoja" kwa kalamu, nikaandika "uliza".

Bwambale aliuingiza mstari mpya, akaendesha, ukaanguka mwekundu, peke yake, wa jina "Masika na Masika wa Karambi". Mingine yote ikabaki kijani. Hakugusa funksheni ya jaribio hata herufi moja. Aliirekebisha programu yenyewe, ili kadi zikifanana bila uhakika isiziunganishe, bali imwambie muuguzi amwite mama na kumuuliza. Alhamisi mchana ukawa kijani. Ijumaa wakafunga maboksi, na Sista Mbambu akanipigia kusema kwamba kioo kimemuuliza kuhusu Masika, naye amemwita Kabugho, na amekuja Kabugho mwingine, na ikabidi waitwe wote wawili. Alikuwa anacheka hadi simu inakatika.

Sasa chombo chenu cha kusafisha kimeutazama mstari ule kikaona kadi mbili zinazofanana. Kimeona sawasawa. Hakikukosea macho. Ndivyo hata sisi tulivyoona, na sisi tulikuwa na mama na ndugu na sahani moja ya chakula. Wekeni pembeni ya mstari sababu ndefu kuliko ile niliyoiandika mimi, maana naona imekuwa fupi mno kwa watu wasionijua. Funksheni mnaweza kuibadilisha mtakavyo. Ikiwa Python itapitwa na kitu kingine, hamisheni. Mawe yabaki kwenye trei.

Idd iliyopita nilikuwa nimesinzia kama kawaida yangu, hapa kwenye ngazi za nyuma, Nyamwamba unavuma, na katikati ya usingizi nikasikia hodi mlango wa mbele, sauti za wasichana. Nikajua ni nani, kwa sababu huja kila mwaka na vanila ya Karambi iliyofungwa kwenye gazeti. Miguu yangu haikutaka kuamka. Nikaita tu kutoka nilipokaa, "Masika?"

Wakaitika wawili.